Shuka la Chumba Namba Tisa

Tarehe 6 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Sisi hapa hatujambo. Mama bado anashona sare za shule, na kiuno bado kinamsumbua akikaa muda mrefu kwenye cherehani. Mimi nimemaliza shule. Matokeo yalikuwa ya wastani, hayakunitia aibu wala hayakumfanya mtu yeyote apige vigelegele.

Ni mimi, mpwa wako. Ulikuwa ukiniita Sisimizi. Huenda umesahau, maana ulipoondoka nilikuwa na miaka kumi na sasa nina kumi na minane.

Barua yako ilifika. Najua haikuwa yangu. Mama aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya debe la unga, halafu akarudi kushona. Hakusema imetoka kwa nani. Siku tatu nililitazama lile debe. Siku ya nne nikalinyanyua. Naomba unisamehe. Uliandika mistari mitano tu: kwamba hulali nje tena, kwamba umepewa chumba katika nyumba ya watu waliokuwa hawana pa kuishi, kwamba sasa una anwani, kwamba anwani yenyewe ni hii, na kwamba huombi kitu.

Nilirudia kusoma lile neno "tena". Sikujua kwamba ulikuwa ukilala nje. Watu wakiuliza, mama husema umesafiri kikazi.

Nimepata kazi kwenye steshenari iliyo mkabala na zahanati. Natoa nakala na kuwapigia watu chapa barua rasmi, za kuomba kazi, za kuomba likizo, za kumlalamikia jirani. Kazi inanifaa kwa sababu wao wanasema, mimi naandika. Mwenye duka anasema sauti yangu ni ya kuazima. Wiki iliyopita bibi mmoja alidhani mimi ni kiziwi, akanionyesha kwa vidole kwamba anataka nakala tatu. Niliona aibu kumsahihisha. Nikampa nakala tatu, naye akanishukuru kwa vidole.

Nijibu kwa anwani ya duka iliyo nyuma ya bahasha. Usitume nyumbani, tafadhali. Chumba chako kikoje?

Mpwa wako,
Sisimizi


Tarehe 21 Februari

Sisimizi wangu,

Marahaba, mama, marahaba mara mia. Nikusahau wewe? Wewe uliyekuwa ukibeba vitambaa vyangu vya makochi kichwani, mzigo mkubwa kuliko mwenye mzigo? Nimeisoma barua yako kwenye ngazi, nikaisoma tena jikoni, hadi jirani yangu akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Huyo jirani tunamwita Kanali. Ni mama mtu mzima wa chumba namba nane, anayeamuru jiko lote. Sufuria ikiachwa bila kuoshwa, anakuja nayo hadi mlangoni kwako na kusema, "Mtoto wako huyu, amepotea."

Nyumba ina ghorofa mbili na vyumba ishirini na viwili. Changu ni namba tisa. Nina kitanda, kiti, kabati ambalo mlango wake ulikuwa unalegea nikautengeneza, na dirisha linalotazama ua wa kuanikia nguo. Na ufunguo. Dada aliyenikabidhi alisema, "Huu ni wako. Mimi siingii bila kugonga." Nilimwomba atoke nje agonge, nione kama ni kweli. Akatoka, akagonga. Nikamwacha asubiri kidogo, kisha nikasema, "Karibu." Tangu siku hiyo ananicheka.

Yeye ndiye tunamwita Dada wa Faili, kwa kuwa faili haimtoki kwapani. Kila Jumanne anapita kwa kila mmoja wetu. Mimi alinipeleka hospitali kwa ajili ya kidonda cha mguu nilichokuja nacho kutoka nje, akapanga nami foleni ya kitambulisho siku mbili nzima, akanitafutia kazi siku tatu kwa wiki kwa fundi makochi. Mikono ilikuwa imesahau. Misumari ya kwanza niliipinda yote kama mwanafunzi. Sasa inakumbuka.

Kuna sharti moja. Miezi sita ya kwanza ni ya majaribio. Ikifika mwisho wanakaa kikao kuangalia kama kweli unaishi chumbani mwako, maana wanaongoja vyumba ni wengi na hakuna chumba cha kuachwa kitupu. Yangu inaisha mwishoni mwa Aprili.

Kiuno cha mama yako akiwekee mto nyuma. Usimwambie umetoka kwangu ushauri huo.

Mjomba wako


Tarehe 5 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hapa hatujambo, mvua imetuharibia kuta kidogo. Mama nilimwekea mto kwenye kiti. Aliuliza nimejifunza wapi. Nilisema kwenye gazeti. Mto bado upo.

Nimemwambia mwenye duka kwamba nina mjomba fundi makochi, akasema nimeongea sentensi ndefu kuliko zote tangu aniajiri.

Umenieleza kabati, dirisha na ua, lakini kuhusu kitanda umesema kipo, basi. Ni kizuri? Unalala vizuri? Nauliza kwa sababu miaka yote hii mimi nimelala kitandani bila hata kufikiri kwamba ni kitu cha kushukuru. Nataka kujua usiku wako wa kwanza ulikuwaje. Nafikiri ulikuwa wa furaha sana.

Naomba pia kuuliza jambo jingine, kama ni kosa usinijibu. Ulifanya nini hata mama asiweze kutaja jina lako?

Mpwa wako,
Sisimizi


Tarehe 25 Machi

Sisimizi,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, na si kosa la posta. Nilianza barua hii mara nne.

Hapa tu wazima. Kanali alipata homa, akawa anaamuru akiwa kitandani, sauti ile ile. Fundi ameniongeza siku ya nne.

Hilo la mama yako acha.

La kitanda nitakujibu, kwa kuwa umeniuliza kwa moyo mweupe na sina mtu mwingine wa kumwambia. Sijawahi kukilalia. Miezi mitano. Shuka nililopewa liko pale pale, limekunjwa vile vile nilivyopewa, na juu yake foronya.

Sikiliza. Miaka minne nilikaa kwenye kibaraza cha ghala moja la karatasi lililofungwa. Mwenzangu anaitwa Baharia, ambaye hajawahi kupanda hata mtumbwi, ni kofia tu aliyoiokota. Sisi tulikuwa na zamu. Mmoja akilala, mwingine anakaa macho na kulinda mabegi, viatu na roho ya mwenzake. Hakuna siku hata moja tuliyolala wote wawili kwa pamoja. Aliyelala zamu yake ya ulinzi, hilo ni kosa ambalo halina samahani pale.

Sasa niko chumbani, nimefunga kwa ufunguo, kimya kabisa. Nafumba macho, na kitu kinaniuliza, "Nani yuko zamu?" Nafumbua. Najaribu sakafuni, najaribu kwenye kiti, nimevaa viatu, mgongo mlangoni. Wapi. Basi kila mchana nikitoka kazini nakwenda kule kibarazani. Baharia anakaa, mimi nalala masaa mawili matatu kwenye boksi kama mtoto mchanga. Halafu narudi chumbani kuketi.

Dada wa Faili anajua. Kila Jumanne akiingia anatazama kitanda, ananitazama mimi, anatazama dirisha. Haandiki. Sisimizi, yule ni mtu wa kuandika kila kitu, hata ukikohoa ataandika, lakini hilo haandiki. Siku hizi akifika kwangu kalamu haitoi kabisa. Kinachoandikwa ndicho kinachokwenda kikaoni. Ananipa muda.

Na kwenye fomu yao, pale penye ndugu wa karibu, niliandika "hakuna". Nilimwahidi mama yako kwamba sitalitaja jina lake popote, nami sikulitaja.

Haya ni yangu na yako.

Mjomba wako


Tarehe 2 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo sana. Hapa wote hatujambo, na mimi leo sijambo kuliko siku zote, kwa sababu nimefanya jambo ambalo sikujua naweza kulifanya.

Nilisoma barua yako nikalia nyuma ya mashine ya nakala. Nikafikiri, kila siku wanakuja watu dukani na shida zao, nawaandikia barua, wanarudi wakifurahi. Kwa nini nisimwandikie mtu wangu mwenyewe? Watu hawawezi kukusaidia kwa jambo wasilolijua.

Basi nimemwandikia Msimamizi wa nyumba yenu. Barua rasmi, ukurasa mmoja na nusu, anwani mbili, kila kitu mahali pake. Kichwa chake ni hiki: YAH: MAOMBI YA KUMFIKIRIA MKAZI WA CHUMBA NAMBA TISA ASIYEWEZA KULALA KITANDANI. Nimeeleza zamu, kibaraza na Baharia. Nimeeleza kwamba Dada anayepita Jumanne analifahamu jambo hili na amekuwa na huruma sana. Nimeomba wakuongezee muda. Nimesaini, "Mimi mpwa wake, mtoto wa dada yake wa kuzaliwa."

Mwenye duka aliisoma akasema haina kosa hata moja. Nimeituma kwa rejista ili isipotee.

Sijawahi kusema jambo kwa niaba ya mtu. Gundi ya bahasha ilinishika vidole.

Mpwa wako anayekupenda,
Sisimizi


Tarehe 11 Aprili

Mpwa wangu,

Sina salamu ndefu.

Barua yako imefika. Imegongwa muhuri wa "imepokelewa", ikapewa namba, ikatiwa kwenye faili yangu. Barua ya rejista huwezi kuikwepa kwa kutazama dirisha, mama. Lazima ijibiwe.

Dada wa Faili ameitwa kueleza kwa nini kwa miezi mitano hakuandika alichokiona. Alikuja Jumanne, akagonga kama kawaida, akakaa kwenye kiti. Akatoa kalamu. Aliandika "kitanda hakijatumika" mbele yangu, kisha akasema, "Samahani, baba." Mimi ndiye niliyemtia matatani, na yeye ndiye anaomba samahani.

Kikao changu ni tarehe 30 saa nne asubuhi. Nina maswali mawili ya kujibu. Moja, kwa nini nashikilia chumba ambacho silali, wakati kuna watu wanalala mvuani. La pili, kwa nini niliandika sina ndugu, wakati ninaye dada wa kuzaliwa. Aliyedanganya kwenye fomu anaweza kutolewa hata kama analala kitandani siku nzima.

Na mama yako sasa yumo kwenye faili. Kitu kimoja nilichokuwa nimekitunza.

Uliuliza nilifanya nini. Nililala. Muulize yeye alikuta nini siku ile bibi yako alipofariki. Muulize kuhusu shuka. Aliniambia neno moja ambalo mpaka leo halina jibu: "Mtu aliyepitiwa na usingizi hajifuniki." Ni kweli. Nilikuwa nimejifunika mpaka mabegani. Kwa hiyo nilikusudia. Nimelifikiria miaka minane, na sikumbuki kulichukua hilo shuka, lakini nilikuwa nalo, nililiona kwa macho yangu.

Najua hukuwa na nia mbaya. Ila usiniandikie tena.

Mjomba


Tarehe 17 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Umenikataza kuandika na ninaandika. Hapa ni wazima. Sitasema mengine ya nyumbani.

Sihitaji kumuuliza mama. Nilikuwepo.

Tulitolewa shule mapema siku ile kwa sababu mwalimu wetu alikuwa mgonjwa. Nilifika nyumbani alasiri. Nilivua viatu mlangoni kwa kuwa mama alitukanya tusimsumbue bibi. Wewe ulikuwa kwenye kiti kando ya kitanda chake, kichwa umekilaza kwenye ubao wa kitanda, mkono mmoja umeshika kikombe chake cha maji. Ilikuwa siku ya tatu hujalala. Nakumbuka kwa sababu usiku wa kwanza na wa pili nilikusikia ukimwimbia nyimbo za kanisani na kukosea maneno, na yeye akikusahihisha.

Bibi alikuwa macho. Alikutazama wewe, akanitazama mimi. Nilitaka kukuamsha, nikasogea. Akatikisa kichwa. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Mfunike."

Nikaenda uani nikachukua shuka la buluu kwenye kamba. Nilikufunika. Halikukutosha miguuni kwa hiyo nililivuta juu mpaka mabegani. Nikakitoa kikombe mkononi mwako, nikakiweka chini. Bibi akafumba macho, nikadhani amelala naye. Nikaenda nje kufanya hesabu.

Mama aliporudi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia yote. Nilisikia lile neno la kujifunika. Nilifungua mdomo, Mjomba. Naapa nilifungua. Haikutoka sauti. Kisha ukaondoka ukiwa umebeba begi moja. Nilisema nitasema kesho. Kesho yake ilikuwa mazishi. Halafu ikawa wiki, halafu ikawa miaka, na kila mwaka kusema kukawa kosa kubwa zaidi kuliko kunyamaza.

Hukujifunika. Ni mimi.

Naona sasa nimekufanyia mara mbili. Nilikufunika shuka, ukafukuzwa nyumbani. Nimekuandikia barua, sasa unakaribia kufukuzwa chumbani. Zote mbili nilifanya kwa kukupenda na bila kukuuliza.

Nitamwambia mama. Si kwa barua. Nimejipa mpaka Jumapili.

Sisimizi


Tarehe 24 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako na sikulitegemea.

Jumapili nilishindwa. Jumatatu pia. Jana mama alikuwa kwenye cherehani anaunga kola, nami nikasimama pale alipolaza vitambaa. Nilisema yote mpaka mwisho. Cherehani ilikuwa inalia. Akasimamisha gurudumu kwa mkono akasema, "Unasemaje? Toa sauti, mtoto wewe, kwani umemeza nini?"

Ikabidi niseme tena toka mwanzo, kwenye kimya. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu.

Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Alisema nini?"

"Mfunike."

"Sema kama alivyosema yeye."

Nikasema polepole, kama bibi. Mama akainama akamaliza ile kola, akakata uzi kwa meno, akaweka sindano kwenye mto wake. Akaenda uani akaanua nguo zote, na zilikuwa bado mbichi. Akaja nazo ndani, akasimama nazo katikati ya chumba, hajui pa kuziweka.

"Miaka minane," alisema. "Na wewe unakula kwangu, unanitazama."

Nikamsogezea kiti aziweke.

Leo asubuhi hakunisemesha. Nilipotoka kwenda kazini nililikuta debe la unga limesogezwa, na barua yako ya kwanza haipo pale nilipokuwa nimeirudisha. Nilimwachia mezani tarehe na saa ya kikao. Nimeandika kwa mkono, bila kichwa cha habari. Sijui atafanya nini. Nguo zile mbichi bado ziko kwenye kiti.

Ukitolewa chumbani naomba uniambie utakwenda wapi. Usikae tena bila anwani.

Sisimizi


Tarehe 3 Mei

Sisimizi wangu,

Marahaba, marahaba zote nilizokunyima. Niwie radhi kwa kukukataza kuandika. Namshukuru Mungu kwamba hukunisikia.

Barua yako ya tarehe 17 niliipata tarehe 26. Niliisoma mara moja tu, nikaiweka kwenye kabati na kufunga mlango, kana kwamba itatoka. Sikuweza kwenda kazini. Kanali alinikuta nimekaa kwenye ngazi. Akauliza, "Nani kafa?" Nikamwambia, "Hakuna. Kuna mtu nilidhani nimemuua." Akakaa pembeni yangu, yule mwanamke asiyejua kunyamaza, akanyamaza.

Siku ya kikao waliketi watatu: Msimamizi, Dada wa Faili na daktari wa zahanati yetu. Mimi upande huu, mikono magotini. Barua yako ilikuwa mezani. Nilianza kujitetea. Msimamizi akasema ningoje. Akasema kuna mkazi aliyelala bafuni mwaka mzima kabla ya kuhamia kitandani, na mwingine aliyelala chini ya kitanda, na hakuna aliyetolewa kwa sababu hiyo. Kinachowatoa watu ni kurudi nje moja kwa moja bila mtu kujua. Kisha akaiinua barua yako. "Ndugu za wakazi huwa wanatuandikia tusiwataje kwa majirani," alisema. "Kuomba mtu wao abaki, hii ndiyo ya kwanza."

Dada wa Faili alikuwa na adhabu yake, ameandikiwa onyo. Alilipokea, halafu akasema mbele yao, "Ningemuuliza mapema kuhusu zamu, badala ya kutazama dirisha." Daktari akauliza kuhusu usingizi. Nikaeleza.

Likabaki la fomu. Nikaulizwa, "Una ndugu au huna?" Nikasema, "Ninaye dada, lakini yeye hana kaka." Hapo mlango ukagongwa.

Mama, sikuamini. Alikuwa ni mama yako, amebeba mkoba wake ule wa kahawia, kitambaa cha kichwani kimelowa jasho. Alisalimia wote isipokuwa mimi. Alibaki amesimama. Akasema, "Mimi ni dada yake. Pale alipoandika hakuna, ni mimi niliyemwandikisha." Akaomba kalamu. Dada wa Faili akampa ile ya kwake. Mama yako akalifuta lile neno, akaandika majina yake yote matatu kwa herufi kubwa, kama anayeandika kwenye kitambaa cha sare.

Nimeongezewa miezi mitatu. Baada ya hapo watakaa tena. Si ushindi, ni muda, lakini safari hii ni muda ulioandikwa. Na Dada wa Faili alikwenda mwenyewe kibarazani na fomu ya Baharia. Anahitaji barua ya maombi, kwa hiyo utampigia chapa wewe. Ila kabla ya kuituma, nisomee kwanza.

Baada ya kikao nilimwonyesha mama yako chumba. Alikagua kabati, akachungulia ua, akapitisha kidole kwenye dirisha kutafuta vumbi. Mwishowe akasema, akiwa amenipa mgongo, "Mama alikuwa anatuaga tangu Jumatatu ile. Nilijua. Nilitafuta tu mtu wa kumtupia lawama."

Nikampa kiti.

Akakaa. Akatazama kitanda na lile shuka lililokunjwa. Akasema, "Basi la kurudi linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Sasa ni saa saba. Lala. Mimi niko zamu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Vua viatu," alisema, kama vile mama yetu alivyokuwa akituambia. Nikavua. Nikalala juu ya godoro bila kufungua shuka, nikageukia ukuta. Nilimsikia akipumua, nikasikia mkoba wake ukifunguliwa na kufungwa. Nikahesabu. Sikumbuki nilifika ngapi.

Nilipoamka jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa ua. Niligeuka haraka kumtazama mlinzi wangu. Alikuwa amelala, Sisimizi. Kichwa kimeegemea kabati, mdomo wazi, mkoba umeanguka, miguu imenyooshwa kama mtoto wa shule. Hakuna aliyekuwa zamu. Hakuna hata mmoja, na mlango ulikuwa umefungwa, na sisi wote wawili tulikuwa wazima.

Nilichukua lile shuka, nikalifungua mikunjo yake yote. Lilikuwa gumu kwa upya.

Halikumtosha miguuni, kwa hiyo nikalivuta juu mpaka mabegani.

Mjomba wako